Kikopo cha Mjomba

Mjomba alikizungushia kikopo gazeti, gazeti akalitia kwenye mfuko wa kaki, na mfuko akauficha ndani ya koti. Ilikuwa saa tano asubuhi, Mwanza, jua limeshapanda, na mtu mzima kavaa koti. Wote tuliokaa kwenye benchi la maabara tulijua amebeba nini, maana kila mmoja pale alikuwa na kikopo chake.

"Mjomba," akaniita. Kwetu yeye ni mjomba na mimi pia ni mjomba, hatujawahi kuitana vingine. "Si wewe unafundisha kemia? Sasa huu mkojo hauwezi kusema wenyewe, mpaka mtu anitie kidole?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga.

Nilicheka nao, kisha nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Jibu la mtu asiyejua.

Swali lile lina wiki sita sasa, na halijaniacha nilale vizuri.

## Mkombozi mwenye mkia

Mjomba ana miaka 67. Alikuja kutoka Kwimba kwa sababu usiku anaamka mara nne, mara tano, na haja ndogo yenyewe inatoka kwa kukatika. Kijijini walishamwambia ni tezi dume, na tezi dume kwa wanaume wa rika lake ina tafsiri moja tu: kidole. Mizaha yake mmeisikia vijiweni, siirudii.

Akiwa kwenye basi alitumiwa video. Mbwa mweusi anazunguka vikopo vilivyopangwa, ananusa kimoja kimoja, anakaa chini mbele ya kimojawapo. Sauti nyuma inatangaza kwamba kansa imegunduliwa bila sindano na bila kidole. Mjomba aliitazama mpaka simu ikazima chaji.

Mimi niliingia mtandaoni usiku ule nikiwa na nia ya kuibomoa hiyo video. Nimezoea; kila wiki wazee wa ukoo wananitumia ya mdalasini, ya majani ya mpera, ya maji ya bamia.

Hii haikubomoka.

Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanyika Amersham. Mbwa 6 walifundishwa harufu ya mkojo wa watu wenye saratani ya kibofu. Kila zamu mbwa aliwekewa sampuli 7, moja ya mgonjwa na sita za watu wasio na ugonjwa huo. Kwa kubahatisha angepatia mara 14 katika 100. Wao walipatia mara 22 katika 54, yaani asilimia 41.

Kwa hiyo kuna kitu wananusa. Lakini mimi ni mwalimu, na asilimia 41 naijua vizuri sana. Ni D. Zamu 32 mbwa walikaa mbele ya kikopo kisicho chenyewe.

Halafu nikakutana na kisa kilichonikalisha chini. Katika wale waliohesabiwa kuwa hawana saratani kulikuwa na mtu mmoja ambaye mbwa, walipokuwa wakifundishwa, walikuwa wakimchagua kila mara. Alishapimwa akaonekana mzima. Wakufunzi wakalalamika kwamba sampuli ile inawaharibia kazi. Daktari akaamua kumrudia mtu yule na vipimo zaidi, na wakamkuta na uvimbe wa saratani kwenye figo ya kulia.

Nilizima simu nikakaa gizani kidogo. Mbwa wa alama D alikuwa amemshinda daktari.

## Nilikuwa nao jirani

Kilichoniaibisha ni kwamba nilisomea ualimu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na pale pale chuoni wapo APOPO, shirika linalofundisha wanyama kunusa, na panya buku wao. Miaka yote ile nilikuwa nikipita nje nikiwaza mtihani. Panya hao ndio wanaonusa mabomu ya kutegwa ardhini. Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa Tanzania. Wenzao wananusa makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu. Panya anapita juu ya matundu yaliyopangwa kwa mstari, kila tundu na sampuli yake chini. Akibakiza pua juu ya tundu moja kwa sekunde tatu, hiyo inahesabiwa. APOPO wanasema panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20.

Nilipomsimulia Mjomba, aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Panya? Shambani kwangu panya nampiga fimbo. Leo ndiye aje kunipima?"

Jambo nililolishika kwa hao panya ni dogo. Sampuli waliyoichagua hairudishwi kwa mgonjwa na jibu. Inapelekwa maabara, inahakikishwa kwa kipimo kingine, ndipo mtu anaambiwa. Panya haandiki dawa.

## "Ni kitu gani?"

Kwa kuwa ni kemia, nilitaka kujua nani wa kwanza aliuona ugonjwa wa kansa kwenye mkojo kwa kemia, bila pua ya mnyama. Nilidhani nitaangukia miaka ya 1980 na mashine.

Niliangukia London, mwaka 1845.

Muuza duka la vyakula mwenye miaka arobaini na kitu alikuwa na maumivu ya mifupa yasiyoisha. Mkojo wake ulikuwa na tabia ya ajabu. Tarehe 1 Novemba mwaka ule, mmoja wa madaktari wake alimpelekea mkemia Henry Bence Jones chupa ndogo ya mkojo huo pamoja na kibarua kifupi. Alieleza kwamba ukichemshwa unakuwa na ukungu kidogo, ukitiwa asidi ya nitriki unatoa povu, unapata wekundu kidogo na kuwa angavu kabisa, ukipoa unaganda, ukipashwa moto tena unayeyuka. Akamalizia kwa swali: ni kitu gani?

Nimekisoma kibarua hicho pengine mara ishirini. Yai ukilichemsha likaganda, hata ulichemshe mpaka kesho haliwi ute tena. Protini hii ilikuwa inaganda kwenye joto la kati, ikikaribia kuchemka inayeyuka, ikipoa inarudi. Ningekuwa naye maabara ya shule, mimi na bansen bana yangu, lile jiko dogo la gesi, hata Kidato cha Tatu wangeona kuna kitu hakiko sawa.

Mgonjwa yule alifariki mwanzoni mwa Januari 1846. Saratani yake ilikuwa ya uboho, ile wanayoiita mailoma, na protini ile inaitwa Bence Jones mpaka leo. Ilichukua zaidi ya miaka mia, mpaka 1962, kufahamu kwamba ni vipande vyepesi vya kingamwili vinavyotengenezwa kupita kiasi na seli za saratani yenyewe.

Kwa hiyo Mjomba nilikuwa na jibu lake. Ndiyo, mkojo unasema. Ulishasema kabla babu yake babu yako hajazaliwa.

Hapo ndipo nilipotaka kumpigia simu. Nashukuru sikupiga.

## Ndizi

Figo huchuja takribani lita 180 kwa siku, na karibu zote zinarudi mwilini. Kinachotoka ni lita moja na nusu hivi. Kila ulichokula, ulichokunywa, ulichovuta na ulichomeza kwa maji kinaacha nyayo humo. Mashine zinazotafuta harufu ya kansa hufanya kama anachofanya mbwa, ila kwa subira: mkojo unapashwa moto, mvuke unasukumwa kwenye bomba la urefu wa mita 30 hivi ambalo tundu lake ni robo milimita hivi, na kila kemikali inatoka upande wa pili kwa wakati wake. Unapata mchoro wenye vilele vingi, kama milima ya Uluguru iliyochorwa na mtoto.

Kilele kipi ni kansa? Kipi ni kahawa ya asubuhi?

Kuna uvimbe fulani wa utumbo unaotoa kemikali iitwayo serotonini kwa wingi, na hutafutwa kwa kupima mabaki yake kwenye mkojo wa siku nzima. Mgonjwa anaambiwa kabla ya kipimo asile nanasi, asile nyanya, na asile ndizi, kwa sababu ndizi ina serotonini yake. Nilimsimulia mwalimu mwenzangu wa Bukoba. Akakaa kimya muda, kisha akauliza, "Sasa hizo siku mtu anakula nini?"

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza katika jarida la Nature kemikali moja ya mkojo, sakosini, iliyoonekana kupanda kadiri saratani ya tezi dume inavyokuwa kali. Nilisoma nikasisimka, huyu angemkomboa Mjomba. Nikaendelea kusoma. Watafiti wengine walipoipima kwa wagonjwa wao, haikuwasaidia kutofautisha wagonjwa na wazima kama ilivyotarajiwa.

Nikachukua kalamu. Tuseme una kipimo kizuri kweli, kinachokamata wagonjwa 90 katika 100 na kuwaacha wazima 90 katika 100. Uwapange watu 10,000, na wenye ugonjwa kati yao wawe 50. Kipimo kitawakamata 45. Kitawakamata pia wazima 995. Watu 1,040 wataambiwa mna tatizo, na 995 kati yao watarudi nyumbani wakaanze kugawa mashamba.

Nililirudia zoezi hilo mara tatu nikidhani nimekosea.

## Karatasi za Japani

Hiki ndicho kisa kilichonifanya niandike.

Watoto wachanga hupata saratani iitwayo nuroblastoma, inayoota kwenye chembe za neva, mara nyingi karibu na figo. Uvimbe huo humwaga kemikali za jamii ya adrenalini, na mabaki yake hutoka kwenye mkojo. Wajapani wakaona: kwa nini tusubiri tumbo livimbe? Walianza Kyoto katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 ukawa mpango wa nchi nzima. Mtoto akifika miezi sita, mzazi analowesha kipande cha karatasi kwa mkojo wake, anakikausha, anakitia kwenye bahasha na kukituma kwa posta.

Mnaweza kufikiria jambo zuri kuliko hilo? Hakuna sindano, hakuna kulia, hakuna foleni. Mama yuko nyumbani na nepi mkononi.

Na kipimo kilifanya kazi. Watoto wenye uvimbe walipatikana, tena wengi kuliko zamani, tena mapema. Walipasuliwa, walipewa dawa kali, na karibu wote walipona. Ningekuwa mzazi wa mmoja wao, ningeibusu ile bahasha.

Kasoro ilikuwa moja. Watoto waliokuwa wakifa kwa nuroblastoma waliendelea kufa.

Quebec, jimbo la Kanada, walijaribu mpango wa namna hiyo, Ujerumani nao, na matokeo ya pande zote mbili yakatoka mwaka 2002: vifo havikupungua. Uvimbe mwingi uliokuwa ukinaswa na karatasi ni ule ambao ungesinyaa na kuisha wenyewe bila mtu kujua ulikuwepo. Ule mkali, unaoua, ulikuwa unaota baadaye na kwenda mbio, na mara nyingi karatasi ya miezi sita haikuwa na cha kuonyesha. Japani ilisimamisha mpango huo mwaka 2004.

Kwa hiyo mkojo haukusema uongo. Uliulizwa kama kuna uvimbe, ukajibu upo. Hakuna aliyeuliza kama uvimbe huo ungemdhuru mtoto, na mkojo usingejua.

Nilimaliza kusoma hayo saa nane usiku. Kesho yake nilifundisha chumvi na asidi kama mtu anayeota.

## Kijiti

Kuna jambo nimewaficha tangu mwanzo. Sijasema ilivyokwenda siku ile baada ya kicheko cha benchi.

Nesi alimwita Mjomba dirishani, akachungulia kikopo, akaona ni cha alfajiri, kimekuja naye kutoka alikolala. Akamwambia hicho kimwagwe. "Mzee, panda hizo ngazi ushuke, mara mbili tatu. Halafu saa sita ndiyo uniletee mwingine." Mjomba alipanda na kushuka akiwa na koti lake, akiamini anaadhibiwa.

Saa sita na robo nesi alichovya kijiti. Wengi mnakijua, kile chembamba chenye viraka vya rangi, kwenye boksi la vijiti mia. Kimoja ni rahisi kuliko nauli ya daladala. Kiraka cha damu ni cha njano. Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, ikikigusa, inaiharakisha peroksaidi iliyomo kuibadili rangi, na njano inakuwa kijani. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Madoa ya kijani yalijitokeza kwanza, machache, kama ukungu wa mkate, kisha yakaungana. Kabla dakika haijaisha kiraka chote kilikuwa kijani cha majani ya mihogo.

Ndani kwa daktari, kidole kilifanyika. Mjomba anasema kilikwisha kabla hajamaliza kuona aibu. Tezi imekua kidogo, kama za wazee wengi. Daktari hakushughulika nayo sana. Alikuwa ameshika lile daftari la shule ambalo Mjomba analitumia kama faili la zahanati, anapekua nyuma.

Kurasa tatu. Miezi kumi na minne. Mara tatu mtu aliandika "damu" na alama mbili za kujumlisha, na mara tatu chini yake akaandika UTI na dawa ya siku tano.

"Mzee," daktari akauliza, "utotoni ulikuwa unaogelea wapi?"

Mjomba akamtajia malambo mawili na majaruba ya mpunga ya baba yake.

"Na ulikojoa damu?"

"Tulikojoa wote," Mjomba akasema. "Asiyekojoa damu tulikuwa tunamwita mtoto."

Kichocho watu wa Kanda ya Ziwa hatuelezani. Mayai ya minyoo yake hutoka zaidi na mkojo wa mchana, baada ya mwili kutikisika; ndiyo maana ya saa sita na zile ngazi za nesi. Kinachosahaulika ni kwamba mayai hayo yana mwiba, na yale yasiyotoka na mkojo hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza miaka na miaka. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limemweka mnyoo huyo wa kichocho cha mkojo kundi la kwanza, pamoja na vitu ambavyo hakuna ubishi kwamba vinaleta kansa kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilo hilo.

Wiki sita nimehangaika na mbwa wa Amersham, na mita 30 za bomba, na bahasha za Kyoto. Kumbe kemia ilikuwa imeshajibu Kwimba, mara tatu, kwa kalamu ya bluu, kwenye daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake.

Hasira yangu haina pa kwenda. Aliyeandika UTI alikuwa na foleni mpaka nje, na mara nyingi damu kwenye mkojo ni UTI kweli. Kijiti chenyewe hakijui kansa. Kinajua damu tu. Ukimnyanyua kila mwenye kijani Kanda ya Ziwa ukampeleka kwenye kamera ya kibofu, utaziba hospitali zote mpaka mwakani, yale yale ya watu wangu 995. Lakini mtu wa miaka 67, mara tatu, na malambo hayo?

Hapo ndipo ninapokwama kila usiku. Sijapata pa kumlaumu mtu, na sijaweza kunyamaza.

## Saa tatu usiku

Kamera aliingizwa wiki mbili zilizopita. Waliona mahali kwenye ukuta pasipopendeza, wakakata kinyama, kikapelekwa kupimwa. Majibu bado. Mjomba amerudi Kwimba kwa sababu mpunga haumsubiri daktari, na ameniachia maagizo nichukue simu ya hospitali hata nikiwa darasani.

Siku alipoondoka nilipita duka la dawa nikanunua boksi la vijiti, nikijiambia ni kwa ajili ya maabara ya shule. Ni kweli kwa sehemu.

Likizo za utoto wangu nilizimalizia kwake. Malambo ni yale yale. Nilikuwa bingwa wa kupiga mbizi, na nakumbuka vizuri rangi iliyotoka siku moja nyuma ya zizi, na jinsi nilivyokwenda kuwaonyesha wenzangu nikiwa nimejaa fahari.

Jana saa tatu usiku nilijifungia chooni na kikopo cha mtindi nilichokiosha. Nikachovya, nikakung'uta ukingoni, nikatazama saa. Sekunde sitini ni nyingi kuliko mnavyodhani. Watoto walikuwa sebuleni wanagombania rimoti.

Njano ikabaki njano.

Nikampiga picha kijiti, nikamtumia Mjomba, nikaandika: nipo salama. Alama mbili za bluu zikatokea hapo hapo. Baada ya muda ikaja sauti, na nyuma yake mbwa wa jirani wanabweka.

"Mjomba, umepima saa ngapi hiyo? Usiku? Mwalimu mzima! Lala. Kesho saa sita mchana, na upande ngazi kwanza."